Harufu Iliyosikiwa kwa Masikio

Nilipoarifiwa kwa simu kwamba Kamonde amefariki, swali langu la kwanza lilikuwa: "Nani amemwona?" Aliyenipigia, mwalimu mwenzangu wa zamani, alicheka kicheko cha mtu asiyejua kama ametaniwa au ametukanwa. "Mwalimu Thuo, wewe hubadiliki. Ni mke wa kijana yake ndiye amesema." Nikamjibu kwamba mke wa kijana yake ni shahidi anayefaa, nikaandika siku na saa ya ibada kwenye kalenda ya ukutani, nikakaa. Sikuhuzunika. Ikiwa ni lazima niseme nilichohisi, nilihisi nimenyang'anywa kitu. Mtu ambaye umemchukia kwa uangalifu kwa karibu miaka ishirini huwa sehemu ya samani za nyumba yako, na akiondoka chumba hubaki na mwangwi. Niliinuka nikakitoa rafuni kisanduku cha bati jepesi, kidogo kuliko kiganja changu, chenye meno ya shaba yaliyoliwa na ukungu wa kijani. Nilikishika mpaka kikapata joto la mkono. Hicho ndicho kilichokuwa silaha yangu katika mwaka wa 2005, na sijawahi kuwa na silaha nyingine iliyopiga vizuri hivyo, isipokuwa moja, ambayo nitaitaja mahali pake.

Katika mwaka huo nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, umri ambao mtu hudhani tabia yake imekwisha kukauka kama saruji. Nilifundisha fizikia katika shule ya wasichana huko Lavington, nyuma ya ukuta mrefu ulioelemewa na maua, kati ya nyumba za watu ambao hatukuwahi kuwaona isipokuwa vioo vya magari yao. Kwa sababu nilijua kutumia mita ya umeme, nilikabidhiwa pia usimamizi wa magari ya shule, yaani mabasi mawili na pikapu moja ya otomatiki, isiyo na klachi ya mguu, ambayo nilikuwa nikiiendesha mwenyewe kwenda mjini kuchukua vitabu na kemikali za maabara. Serikali halisi ya shule haikukaa ofisini. Ilikaa katika chumba cha walimu, kwenye meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki cha picha za mananasi, saa nne kamili, wakati birika la chai ya maziwa lilipoingia pamoja na sinia la mandazi yaliyofunikwa kwa gazeti la jana. Katiba ya serikali hiyo ilikuwa neno moja tu: "ati". Ati fulani anahama. Ati fulani aliomba likizo kwa sababu ambayo siyo. Nilikuwa nikinywa chai yangu nimesimama dirishani, ili nisihesabiwe miongoni mwa waliokubali.

Spika wa bunge hilo alikuwa Kamonde, naibu wa mkuu wa shule, mwalimu wa historia, somo ambalo kwa maoni yangu lilipaswa kumfundisha heshima ya hati. Alikuwa mtu mzuri wa kutazama, mwenye suti mbili tu lakini zilizopigwa pasi kama za watu wenye kumi, na sauti ya chini iliyowafanya watu wasogeze viti. Sikuwahi kumsikia akisema uongo, na hapo ndipo ulipokuwa ufundi wake. Yeye alisema "nasikia". Uongo una mwenyewe na unaweza kushtakiwa. "Nasikia" ni mtoto asiye na baba. Nilikuwa nimemkosoa mara mbili mbele ya watu, nikimwuliza amesikia kwa nani na lini, naye alitabasamu na kunisogezea sinia la mandazi. Ningelijua tabasamu lile lilikuwa linaandika nini, labda ningelichukua andazi.

Jumatatu moja ya Aprili, masika yakiwa yamekolea, niliwasha pikapu kwenda mjini. Iliondoka kwa uzito, kama mzee anayepanda ngazi na gunia. Kwenye dashibodi, herufi ya D ilikuwa inapepesa bila kukoma. Niliisikiliza injini ikilalamika, nikasubiri ibadilishe gia, haikubadilisha. Ilikuwa imeshika gia ya tatu na haikutaka kuiacha, iwe mlimani au mteremkoni. Nilifika Muthangari, nikaona si busara kuingia nayo mjini, nikageuka polepole nikairudisha shuleni na kuiegesha chini ya mti wa jakaranda. Sikuzungumza na mtu yeyote. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba cha walimu, na nikiwa nje nafuta matope viatuni, nikasikia kikao kinaendelea.

"Nasikia amekuwa akibeba mawe nayo," alisema Kamonde.

"Mawe ya nini tena?"

"Ya nyumba. Huko Kikuyu. Nasikia ni kila likizo."

"Haki! Na vile hujifanya mtakatifu."

"Sasa giaboksi imeungua. Hata Barasa wa geti alisikia harufu. Mimi simhukumu mtu. Nasema tu ninayosikia."

Nilibaki na kiatu kimoja mkononi. Ni kweli nilikuwa na kiwanja Kikuyu. Kilikuwa na nyasi, na mbuzi wa jirani ndio walioijua faida yake. Lakini kilichonisimamisha hakikuwa tusi. Kilikuwa ni hesabu. Pikapu ilikuwa imeharibika mikononi mwangu dakika arobaini zilizopita, na sikuwa nimemwambia hata mti wa jakaranda. Kamonde alijuaje kwamba tatizo ni la giaboksi?

Siku ya Jumatano nilikabidhiwa barua ya kusimamishwa kazi kwa wiki mbili, ili nieleze kwa nini nisifukuzwe kwa kutumia na kuharibu gari la shule. Ilikuwa imeandikwa na Kamonde na kutiwa sahihi na mkuu wa shule, Bi. Ndinda, mwanamke wa maneno machache ambaye nilimheshimu. Sentensi ya tatu nimeihifadhi kichwani: "Mlinzi wa lango alisikia harufu ya mafuta yaliyoungua." Nilimwambia Bi. Ndinda kwamba sikubeba hata kokoto. Alivua miwani. "Una wiki mbili, Mwalimu. Ukiniletea maneno, nitayaweka pamoja na maneno ya wengine. Niletee kitu cha kushika." Niliondoka nikiwa na hasira, lakini sikuwa na hasira naye. Mimi mwenyewe nisingelisema vingine.

Ni lazima msomaji aelewe kilichokuwa hatarini. Mwalimu anayefukuzwa kwa utovu wa aina hiyo hapati shule nyingine katika mji huu, kwa sababu wakuu wa shule hupigiana simu. Na habari ilikuwa imetangulia nyumbani. Katika mtaa wa Jamhuri, ambako nilikuwa nikikaa katika nyumba ya vyumba viwili, mama aliyekuwa akiniuzia mboga alinifungia sukuma wiki kwa gazeti, akauliza kwa huruma isiyo na hila: "Na nyumba imefika wapi, Mwalimu? Mawe ya Kikuyu si ni mazuri?" Nilikula githeri yangu jioni hiyo nikiwa nimeketi peke yangu mezani, nikatafuna kila punje ya mahindi kana kwamba ina jina. Nilijiapiza sitajitetea. Anayejitetea huonekana mkosaji aliyechelewa. Nilikusudia kumwondolea Kamonde kila kitu cha kusimamia, kimoja baada ya kingine, mbele ya watu wale wale, kwenye meza ile ile yenye mananasi.

Nilianza langoni. Barasa, mlinzi, alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia iliyomzidi, na kibanda chake kilikuwa na jiko la makaa, sufuria ya ugali na daftari la kuandikia magari yanayoingia na kutoka. Alinikaribisha kwenye mkebe wa rangi uliopinduliwa.

"Mwalimu, mimi si mtu wa maneno."

"Imeandikwa kwamba ulisikia harufu."

"Ndio. Nilisikia."

"Uliisikia kwa pua au kwa masikio?"

Alinitazama kama niliyemwuliza kama anakula kwa mdomo au kwa goti. "Sasa Mwalimu, harufu si ni…" Nilimwona akirudi nyuma katika kumbukumbu yake, polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo sakafuni. "Aii. Kwa masikio, Mwalimu. Naibu alikuja hapa asubuhi, akaniuliza, 'Barasa, umesikia hiyo harufu ya kuungua?' Nikasema ndio, nimesikia. Ningesema nini? Mkubwa akikuuliza kama umesikia, umesikia."

"Na kwa pua hukusikia kitu?"

Barasa aligeuza ugali. "Kwa pua nilisikia kitu ingine. Lakini hiyo usiniulize leo. Nina watoto."

Lugha yetu, ambayo naipenda na nimeitumikia, ina mlango mmoja usio na komeo: tunasikia harufu kwa kitenzi kile kile tunachosikia nacho uvumi. Pua na sikio vimepewa shahidi mmoja. Wakati ule, nikitembea kutoka langoni, niliona kwamba mtu mwerevu anaweza kupitisha ng'ombe mzima katika mlango huo, na kwamba Kamonde alikuwa amempitisha.

Pikapu ilikuwa imevutwa hadi kwenye gereji moja kando ya Barabara ya Ngong, mwendo mfupi kutoka kwangu. Fundi wa hapo aliisikiliza ikiguruma, akatema mate, akatangaza: "Mzee, hii giaboksi imekufa. Tuweke ingine." Nilimwuliza ameipimaje. "Si unaona haishiki gia?" Nilimwonyesha kibali cha Bi. Ndinda cha kuikagua, nikamwomba asiiguse, nikapanda basi kwenda Barabara ya Kirinyaga, katikati ya mji, kumtafuta Bwana Singh. Huyu alikuwa fundi wa umeme wa magari, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe na vidole vyembamba kama vya mshonaji, ambaye babake na yeye walikuwa wameshika duka lile lile, jembamba kama korido, tangu kabla ya mimi kumaliza shule. Tulikuwa tumejuana kwa sababu moja tu: wote wawili tulikuwa hatuamini kitu mpaka sindano ya mita isogee. Alinipa chai yenye tangawizi na chapati iliyopakwa achari ya embe, akanisikiliza hadi mwisho.

"Gia ya tatu tu? Na rivasi iko?"

"Rivasi iko."

"Basi hii giaboksi hapana kufa, Mwalimu. Maiti hapana rudi nyuma." Akafunga duka.

Kule gereji tulianza na jambo lililo rahisi kabisa, kama ilivyo desturi ya watu wenye akili. Nilichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, nikakipangusa kwa karatasi nyeupe. Giaboksi iliyoungua hutoa mafuta meusi, yenye harufu kali ya sahani zake za klachi zilizoungua. Haya yalikuwa mekundu, maangavu kama shira. Nilinusa, Singh akanusa, nikamwita yule fundi naye anuse. "Mafuta safi," alikiri, akatazama pembeni. Niliikunja karatasi ile nikaitia katika bahasha na kuandika juu yake tarehe na majina ya pua tatu. Kisha Singh akachomeka mashine yake ya kusomea kompyuta za magari. Kompyuta ya injini ilijibu mara moja. Kompyuta ya gia, yaani kile kisanduku kinachoiamuru giaboksi ibadilishe lini na vipi, iliitwa mara tatu na haikujibu. Kompyuta hiyo ikinyamaza, giaboksi hujifungia katika gia moja ili isijiumize, na dereva apate kujikokota hadi nyumbani. Pikapu haikuwa imeungua. Ilikuwa mtumishi mwaminifu aliyekosa bwana wa kumwagiza.

Tulikagua fyuzi, ikawa nzima. Tuliitenganisha betri. Singh alipiga magoti upande wa abiria wa mbele, mahali pa kuweka miguu, akafungua kishikizo cha kapeti na kuivuta. Hapo ndipo harufu ilipopanda. Sote wawili tulirudi nyuma kwa pamoja. Chini ya kapeti, sifongo lilikuwa limelowa chepechepe, na kando yake, kikiwa kimefungwa sakafuni kwa skrubu mbili, kisanduku cha bati kilikuwa kimevaa chumvi nyeupe kama mkate ulioota ukungu. Tulipochomoa plagi yake, meno mawili yalibaki ndani yakiwa unga wa kijani. Tulipoirudishia betri nyaya zake, mita ilionyesha umeme unafika kwenye plagi bila upungufu. Tulipozipima nyaya zinazoelekea kwenye giaboksi, vali zake zote za umeme zilijibu kwa vipimo vinavyofaa. Giaboksi ilikuwa hai, nyaya zilikuwa hai. Maiti ilikuwa moja tu.

"Iko maji," alisema Singh. "Lakini hii hapana maji tupu." Aliingiza vidole chini ya sifongo akatoa, mmoja baada ya mwingine, vidonge vitatu vidogo vyeusi, akaviweka kwenye kiganja chake na kunionyesha kwa heshima kama lulu. "Mwalimu, watu nasema wewe nabeba mawe. Hii mawe natoka kwa mbuzi."

Nilirudi kwa Barasa kabla jua halijatua. Sikumwuliza swali. Nilimfungulia bahasha nyingine, yenye kisanduku na kipande cha sifongo, akanusa mara moja, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Ndio hiyo! Ndio nilisikia na pua!" Kisha akafungua daftari lake. Jumamosi iliyotangulia ile Jumatatu, pikapu ilikuwa imetoka saa moja asubuhi na kurudi jioni, dereva Naibu, sababu shughuli ya shule. Shughuli hiyo ilikuwa ruracio, siku ambayo wakwe wa kijana wa Kamonde walikuwa wakipelekewa mahari. Barasa alikuwa ameyaona yote kwa macho, tangu mbuzi walipopakiwa hapo langoni. Mbuzi wengine walikuwa nyuma chini ya turubai, lakini mwati na harika, wale majike wawili wachanga ambao hawajazaa na ambao kwa desturi ya Wakikuyu hutangulia kila kitu kingine, hawakufaa kufika wamelowa mvua na kutapakaa matope. Kwa hiyo Naibu akawapandisha mbele, miguuni pa abiria, kama wageni wa heshima. Nao, wakiwa wageni wa safari ndefu, walifanya kile wanachofanya. Wakati wa kurudi, akitaka kuua harufu, alisimama kwa vijana wanaoosha magari mkabala na lango akaagiza sakafu ya ndani ipigwe maji kwa mpira, na wao wakapiga. Walichoanza mbuzi, maji yakakimaliza. "Jumapili alikuja kuijaribu ndani ya kiwanja," alisema Barasa. "Ikakataa. Akaniambia, 'Hujaniona.' Sasa Mwalimu, mimi ni mlinzi. Nisipoona nalipwa nini?"

Kutafuta kompyuta nyingine kulituchukua siku sita. Singh alileta moja iliyofanana na ile kwa umbo, plagi na skrubu, na yule fundi wa gereji akataka tuifunge tumalize. Niliisoma namba iliyogongwa ubavuni. Herufi ya mwisho ilikuwa tofauti. "Ni herufi moja tu, mzee!" Nilimwambia kwamba kati ya "Mwalimu amebeba" na "Mwalimu amebebwa" pana herufi moja tu vilevile. Ya pili, iliyotolewa kwenye pikapu iliyogongwa, ililingana hadi herufi ya mwisho. Tulikausha sakafu kwa siku nzima, Singh akabadilisha plagi na ncha za nyaya zilizoliwa, akakifunga kisanduku si sakafuni tena bali juu kidogo, ubavuni, "pahali mbuzi hapana fika". Alfajiri ya siku ya kumi na mbili niliiendesha kutoka Jamhuri hadi Lavington, nikazunguka Muthangari na kurudi, mguu wangu ukiwa mwepesi, ili kompyuta mpya na giaboksi ya zamani zijuane. Moja, mbili, tatu, nne. Kila gia iliingia kama neno sahihi katika sentensi. Sijawahi kuwa mlevi, lakini nadhani walevi hutafuta kile nilichokipata asubuhi ile.

Bi. Ndinda alikubali, baada ya kulisoma daftari la lango, kwamba maelezo yangu niyatoe mahali mashtaka yalipozaliwa. Saa nne kamili nikaingia. Chai ilikuwa imekwisha kumiminwa. Kamonde alikuwa ameketi mwisho wa meza, naye alinisogezea sinia la mandazi kama kawaida. Safari hii nilichukua.

"Bwana Naibu," nikasema, "nina swali moja tu kuhusu barua. Harufu ile, na wewe uliisikia?"

"Niliisikia."

"Kwa pua?"

Watu wakacheka. Yeye pia alicheka. "Kwa pua, Mwalimu. Pua yangu ni nzima, namshukuru Mungu."

"Ndani ya gari?"

"Ndani kabisa. Pale mbele."

"Ungeisikia tena ungeijua?"

"Hata nikiwa usingizini."

Nilifungua bahasha nikakitoa kile kisanduku, bado kikiwa na chumvi zake na kipande cha sifongo, nikakiweka juu ya mananasi na kukisukuma kwa mwalimu wa sayansi ya nyumbani, mwanamke aliyejulikana kwa kutambua kitoweo kilicholala siku moja. Alikisogeza puani. Hakufikiri hata kidogo. "Mbuzi," akasema. Akampa aliye kando yake. "Mbuzi." Kilizunguka meza nzima, mkono kwa mkono, na neno lile likazunguka nacho, mpaka kikafika kwa Kamonde, ambaye hakukigusa. Hapo nikasoma daftari la lango kwa sauti ya darasani. Sikuongeza kivumishi hata kimoja. Nikamwambia kwamba sitaki aniombe radhi, kwa kuwa radhi ni maneno, nataka atamke mbele ya waliosikia sentensi moja: "Sikuona, wala sikusikia kwa mtu, nilitunga." Alimtazama Bi. Ndinda, na Bi. Ndinda alikuwa akikoroga chai yake. Aliitamka. Sauti yake nzuri ilivunjika kwenye neno la mwisho, nami nikamalizia andazi langu. Lilikuwa la moto na lenye iliki, na ninapolikumbuka hadi leo mate hunijaa.

Mtu mwema angeliishia hapo. Kisheria niliishia hapo: nilirudishwa kazini, naye akapokonywa unaibu na kubaki mwalimu wa kawaida. Lakini mlio ulianza. Sijui nani aliyeuanzisha, na kwa kuwa sijui sitamtaja. Kamonde alipopita ukumbini, kutoka darasa lolote, mlio mwembamba ulisikika, "Meee," kisha kimya cha wasichana arobaini wanaosoma kwa bidii. Ningeliweza kuukomesha, wasichana walikuwa wakiniogopa. Niliandika fomula zangu ubaoni nikiwa nimewapa mgongo, wasinione uso. Muhula wa pili ukapita hivyo, na wa tatu. Kamonde alikonda. Chumbani mwa walimu alianza kunywa chai akiwa amesimama dirishani, mahali pangu, nami nikaketi mezani.

Mwezi wa Novemba nilipigiwa simu na mwenyekiti wa bodi ya shule nyingine, iliyokuwa inatafuta mkuu. Kamonde alikuwa ameomba nafasi hiyo na yuko mbele ya wengine wote. Kisa cha pikapu walikuwa wanakijua. Kamonde mwenyewe alikuwa amekieleza katika barua yake, bila kuficha hata mbuzi, na mwenyekiti alisema uungwana huo ulimpendeza. Alitaka tu kujua kama kuna jambo lingine. "Tunaambiwa wewe ni mtu usiyesema usichokijua." Nilikuwa nimesimama katika korido ya nyumba yangu, kivuli cha koti langu kikiwa ukutani kama mtu anayenisikiliza. Hapakuwa na jambo lingine. Katika miaka tisa ya kufanya naye kazi hapakuwa na jambo lingine lolote. Nilivuta pumzi nikasema maneno mawili: "Nimesikia mengi." Akauliza kama ningeweza kufafanua. Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa kueneza uvumi. Alinishukuru kwa uadilifu wangu, akakata simu. Nafasi akapewa mwingine. Kamonde aliondoka kwetu mwisho wa mwaka, na sikumwona tena mpaka alipokuwa ndani ya sanduku.

Ibada ilifanyika Lavington, katika kanisa ambalo mlango wake unatazamana na ukuta uliokuwa wa shule yetu. Baadaye tulinywa chai chini ya hema. Nilikuwa nimekuja, sitaficha, kuthibitisha. Mwanamke wa makamo mwenye kitambaa cheusi alinijia akiwa na vikombe viwili, akanipa kimoja.

"Wewe ndio Mwalimu Thuo? Mimi ni Nyokabi, mke wa kijana yake. Ni mimi nililetewa ile mwati na harika zilipanda mbele." Alicheka, machozi yakamtoka kwa pamoja. "Baba alikuwa anatuambia hiyo hadithi kila Krismasi. Anawaigiza walimu wote wakinusa: mbuzi, mbuzi, mbuzi! Watoto wangu wanaijua yote, hata ile andazi ulikuwa unakula."

Nilikitazama kikombe changu. Kisasi nilichokitunza rafuni kwa miaka yote hiyo kilikuwa kimefanywa mchezo wa watoto, na aliyekifanya ndiye niliyemkusudia. Sitasema nilifurahi. Nilihisi ameniibia mara ya pili.

"Hakuwa na uchungu na wewe," aliendelea Nyokabi. "Alisema ulimpiga na ukweli, na ukweli haumwachi mtu na kidonda. Kitu hakuwahi kuchekea ni ile kazi ya mkuu alikosa. Walikuwa wamempa karibu kabisa. Mtu alipiga maneno, na hakuwahi kujua ni nani ama ni maneno gani. Hiyo ilimkula. Hata wiki ya mwisho hospitalini alikuwa anairudia. Akaniambia, 'Nyokabi, siku moja muulize Thuo. Huyo hawezi kusema kitu hajapima.'" Alinishika mkono, kwa mikono miwili, kama mtu anavyomshika mzazi. "Sasa nakuuliza, Mwalimu. Kulikuwa na kitu? Wewe ulisikia nini kuhusu baba?"

Nilimtazama machoni. "Sikusikia lolote," nikamjibu.

Alinishukuru, akaenda kuwahudumia wengine. Hilo lilikuwa kweli tupu, lililopimwa na kuhakikiwa. Hilo ndilo nililopaswa kumwambia mwenyekiti.